Kaburi Kwenye Njia ya Waya Mkubwa

Kwa maneno ya Batula, kifo cha Dayib kilianza na kikombe cha chai.

Alisema kwamba juzi Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Dayib alikuja kibandani kwake akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia. Hata nusu hajanywa, akatokea Abdinur, kijana wa visimani, ameshika kigingi cha wapima laini ya umeme, kile cha kichwa chekundu, kimeng'olewa na udongo wake. Akakitupa miguuni pa Dayib. Akasema, "Hiki umekipanda wewe. Nitakizika pamoja na wewe." Watu wakawatenganisha. Dayib akaenda zake kuelekea visimani, na Abdinur akamfuata. Baada ya hapo Batula hakuwaona tena, mpaka alasiri alipopita Olow, kaka yake Dayib, analia, anasema ndugu yake amekutwa kichwa kimepasuliwa kwa jiwe. Jua halijazama, wanaume wanne wakapita na jeneza wakaenda kumzika bondeni, kwenye njia ya laini ya umeme.

"Mimi naona mguu yake," Batula alimalizia. "Wallahi, mguu mbili, nyeupe kama unga. Maiti kabisa."

Konstebo Komora aliandika yote, mpaka ule unga. Sajini Sahro, mpelelezi aliyetumwa kutoka Garissa kwa kesi hii, hakuwa ameandika neno. Alikuwa anaangalia kibanda kimekaaje na mlango wake umeelekea wapi.

"Miguu uliiona ukiwa umesimama wapi, walaal, ndugu yangu?"

"Hapa. Nabika anjero."

Sahro akasimama hapo kwenye jiko. Mbele yake kulikuwa na miti ya mathenge iliyoota kama ukuta. Njia ya bondeni ilipita nyuma yake. Mtu mrefu angeonekana kichwa. Jeneza lililobebwa mabegani lingeonekana pia. Lakini vilivyo ndani ya jeneza, hapana.

"Sanda haikufunika miguu?"

Batula alichukua kitambaa akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ubebo ilikuwa mingi."

"Upepo ukafungua sanda iliyofungwa kamba?"

"Haye! Wewe unaniambia Batula sema yote. Nikisema yote, unasema mingi." Akamgeukia Komora. "Na wewe bolisi ya Mto Tana, mbona unaandika tu kama karani? Sema kitu."

"Mimi naandika uongo na ukweli," Komora akasema. "Afande ndiye anachagua."

Batula alicheka, lakini kicheko kilikatika haraka.

"Uliona miguu, au uliona jeneza?" Sahro akauliza tena, kwa sauti ile ile.

"Jeneza," Batula akasema hatimaye. "Na hao watu nne. Mguu ni watu walisema."

"Watu gani?"

"Watu."

Komora akapiga mstari juu ya sentensi ya miguu. Sahro alilipa chai. Walipokuwa wanatoka, Batula aliwafuata mpaka mlangoni, kama mtu ambaye bado ana neno limemkaa mdomoni.

"Hii waya," akasema, "inatoka Ethiopia, inabita Rhamu, inabita Wajir, inakuja hapa kwetu, inaenda kuwasha taa Somalia. Sisi El Gaab tunabewa nini? Kifuli ya waya! Na kaburi." Akatikisa kichwa. "Abdinur ni mtoto ya watu. Mdomo yake ni kubwa, lakini mkono yake sijawahi kuona ikibiga mtu. Andika na hiyo."

Komora aliiandika.

Abdinur alikuwa amelala siku mbili kwenye seli ya kituo cha El Gaab. Kesho asubuhi angepandishwa gari kupelekwa mahakama ya Garissa kusomewa shtaka la kuua. Sahro alizungumza naye alfajiri kupitia vyuma. Kijana hakukataa kwamba aling'oa vigingi. Hakukataa maneno ya kibandani pia. Alisema alimfuata Dayib ili wamalize ugomvi mbele ya watu wa visimani, lakini Dayib akamwambia kitu kimoja tu: "Unamkasirikia mtu siye. Subiri baraza." Kisha akageuka akapotelea vichakani, na Abdinur akarudi kunywesha ngamia wake.

"Nani alikuona kisimani?" Sahro alimuuliza.

"Ngamia," Abdinur alijibu.

Hakuwa anafanya mzaha.

Bondeni waliliacha gari mbali, kwa sababu Sahro hakutaka magurudumu yake yaharibu alama. Vigingi vyekundu vilikwenda kwa mstari mmoja ulionyooka, vikapita kati ya visima viwili vya El Gaab, vikapita juu ya birika ya kunyweshea mifugo, vikaendelea mpaka kwenye uzio mpya wa seng'enge uliokuwa unang'aa juani. Ndani ya uzio hakukuwa na nyumba wala mnyama. Mchanga tu, na migunga miwili mitatu.

"Hapo ni pa nani?"

"Ahmednoor. Yule mwenye malori," Komora akasema. "Wanasema stesheni ya umeme itajengwa humo ndani."

"Nani wanasema?"

"Kila mtu isipokuwa Ahmednoor."

Sahro alitembea kando ya vigingi polepole. Sehemu nyingine kigingi hakikuwepo, na pale kilipokuwa mwanzo palikuwa na shimo limechanika mdomo, udongo umerushwa huku na huku. Hiyo ilikuwa kazi ya Abdinur, mtu mwenye hasira na mikono mitupu. Ilikuwa wazi pia hasira yake ilitoka wapi. Mahali nyaya kubwa zinapopita, watu hawaruhusiwi kujenga wala kuchimba chini yake. Serikali ikipitisha laini hapa, visima vitafukiwa, na El Gaab bila visima ni jina tu kwenye ubao wa barabarani.

Lakini Sahro hakusimama hapo. Alivuka bonde mpaka barabara ya zamani, ile iliyoachwa mvua kubwa ilipokata daraja. Komora alimfuata akijifuta jasho.

"Afande, maiti iko upande ule."

"Njoo uangalie."

Kando ya barabara ya zamani kulikuwa na doa la udongo mwororo, la mviringo, limeshindiliwa kwa mguu. Mbele yake doa jingine. Na jingine. Yalikuwa kwenye mstari, umbali ule ule wa vigingi vya bondeni.

Komora alichimba kwa kidole. Udongo ulikuwa laini mpaka kiganja kikaingia. "Kulikuwa na vigingi hapa."

"Na aliyeving'oa alikuwa na sururu na muda. Amefukia na kushindilia. Abdinur angefukia?"

"Huyo hata bakuli lake la jana hajaosha."

"Basi vigingi vimeng'olewa na watu wawili tofauti. Mmoja alitaka watu waone. Mwingine hakutaka."

Komora aliandika. Halafu akainua kichwa. "Laini ilipimwa huku kwanza, ikahamishwa ipite visimani?"

"Ipite visimani, ifike kwenye uzio."

"Na Dayib ndiye aliyewaongoza wapima."

"Mara ya kwanza," Sahro akasema. "Mara ya pili sijui waliongozwa na nani."

Kaburi lilikuwa bondeni, katikati ya vigingi viwili, kana kwamba aliyechagua mahali alisimama akapima. Lilikuwa rundo refu la mawe, limepangwa vizuri, limelala inavyotakiwa na kibla. Jiwe la kichwani lilikuwa limesimama. Hakuna aliyeharakisha kazi hiyo.

"Makaburi ya El Gaab yako wapi?" Sahro akauliza.

"Nyuma ya msikiti. Baba yake Dayib yuko huko. Hata bibi yake."

"Yeye akaletwa huku peke yake."

"Hapo ndipo mimi nashindwa kumwachia Abdinur," Komora akasema. "Nani anafaidika kaburi likiwa hapa? Serikali haiwezi kusimamisha mnara juu ya maiti ya Mwislamu, mji mzima utalala barabarani. Kwa hiyo kazi inasimama. Watu wa visimani wanafurahi."

"Abdinur alichagua mahali pa kuzika?"

Komora akafikiri. "Hapana. Ndugu ndio waliochagua."

"Basi usimwandikie Abdinur."

Olow, kaka yake Dayib, alikuwa anakuja kutoka visimani na mtungi wa maji mkononi, mwanamume mpana, ndevu zimepakwa hina. Alipowaona alipunguza mwendo, kisha akaongeza. Walisalimiana kwa Kisomali, kwa kirefu kama inavyostahili msibani, Sahro akampa pole, na Olow akaipokea bila kumtazama.

"Nani alimwosha?" Sahro akauliza, akibadili kwa Kiswahili ili Komora aandike.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi na jamaa."

"Kidonda kilikuwa upande gani?"

"Wa kichwa."

"Kichwa kina pande, walaal."

"Kushoto. Nyuma. Kushoto kwa nyuma. Sikukaa kumwangalia ndugu yangu kama mbuzi wa soko."

"Mbona hamkuita polisi kabla ya kuzika?"

"Joto hili? Maiti ni amana. Inazikwa."

Hilo halikuwa na kosa. Mtu yeyote wa huku angesema hivyo. Sahro alizunguka rundo la mawe, akachuchumaa upande wa miguu. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo za mnyama, zile za mbele kubwa kuliko za nyuma. Zilitoka vichakani, zikapita karibu na mawe kiasi cha mtu kunyoosha mkono, zikaenda moja kwa moja mpaka visimani. Hazikugeuka. Hazikusimama.

"Mbwa?" Komora akauliza.

"Fisi."

Juu ya kilima kidogo upande wa pili kulikuwa na kaburi jingine, la mchungaji mmoja aliyekufa siku nyingi. Mawe yake yalikuwa yamezama, lakini ua wa matawi ya miiba bado ulikuwa umelizunguka. Kuna mtu bado alikuwa anaongeza tawi kila yale ya chini yalipooza. Sahro alilitazama, kisha akatazama mawe haya mapya. Hapakuwa na tawi hata moja.

"Olow. Miiba iko wapi?"

"Tutaweka."

"Amelala hapa tangu Ijumaa. Huku fisi wameisha?"

"Tumesema tutaweka." Aliuhamishia mtungi mkono wa pili, maji yakamwagika kwenye kandambili. "Tulikuwa na msiba. Mtu akifiwa anasahau."

"Mmekumbuka kupanga mawe. Mmekumbuka kibla. Jiwe la kichwani mmelisimamisha. Ni fisi tu mliowasahau?"

Olow aliweka mtungi chini, akauinua tena.

"Na kile kikoi cha Dayib mlichotuletea kituoni, chenye damu," Sahro akaendelea. "Mtu aliyepigwa kichwani, damu inaanzia mabegani. Kikoi kile kina damu kwenye pindo la mbele, chini, kama mtu aliyepiga magoti kuchinja."

"Mimi si daktari."

"Hata mimi."

Hapo ndipo pikapu nyeupe iliposhuka bondeni, ikapita juu ya alama zote ambazo Sahro alikuwa ameziepuka, ikasimama karibu na kaburi. Mwanamume aliyeshuka alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya kushona, na alinukia marashi kutoka mbali. Olow aliondoka na mtungi wake bila kuaga.

"Binti yangu," Ahmednoor akasema, mkono kifuani. "Garissa wametuletea mtu wetu. Alhamdulillahi. Tulichoka kuletewa watu wa kuuliza kama ngamia anakula ugali."

"Karibu, adeer," Sahro akasema, akimpa heshima ya ami.

"Nimekuja kusaidia. Dayib alikuwa kama mwanangu. Mnataka kufungua kaburi?"

Komora aliacha kuandika.

"Nani amesema tunataka kufungua kaburi?"

"Si ndiyo kazi ya polisi? Mnaangalia maiti, daktari anaandika, mnamaliza. Familia wakikataa, mimi nitawatafutia sheikh wa kuwaruhusu. Watu wa kuchimba pia ninao, hata sasa hivi." Akatazama mawe kwa muda mrefu. "Ni vizuri watu waone. Mtu akionekana, roho zinatulia."

"Roho yako haijatulia, adeer?"

Ahmednoor akacheka. "Yangu? Mimi nina malori, sina muda wa roho. Alhamisi wakubwa wanakuja kwenye baraza, wa Nairobi na wa ng'ambo ya mpaka. Wanakuja kupitisha njia ya laini mbele ya watu. Hatutaki wakute kesi ya mauaji imeachwa katikati."

"Dayib angesema nini kwenye hilo baraza?"

Kicheko kilibaki usoni, lakini macho yalitoka ndani yake. "Angesema nini? Alikuwa mwonyesha njia. Kazi yake ilikwisha wapima walipoondoka."

"Kuna mashimo yamefukiwa kando ya barabara ya zamani."

"Nguchiro wengi huku."

"Nguchiro anayeshindilia kwa kiatu."

Ahmednoor alitengeneza kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Mjane anakaa wapi siku hizi? Kwake, au kwa shemeji yake? Nataka kumpelekea unga na sukari."

"Nitamfikishia salamu," Sahro akasema.

"Si salamu, ni unga."

"Nitamfikishia, adeer."

Pikapu ilipoondoka, Komora alitema mchanga. "Afande, huyu nilikuwa nimeanza kumshuku kwa kesi hii. Ana uzio, ana vigingi, ana sababu. Lakini mtu aliyeua anaweza kuomba kaburi lifunguliwe?"

"Ungeomba, kama ungekuwa umeua?"

"Ningeomba lijengewe saruji."

"Basi hakumuua. Anataka kujua kama kuna aliyemuua."

Komora alimtazama, halafu akalitazama rundo la mawe lisilo na miiba, halafu akamtazama tena. Alifungua mdomo. Sahro alikuwa tayari anatembea kwenda kwenye gari.

Nyumba ya Dayib ilikuwa ya mabati, ua wake umezungushiwa magunia. Komora alibaki kwenye gari, kwa sababu mwanamume wa nje haingii kwa mwanamke aliye edani. Kandambili na viatu vya wanawake waliokuja kuhani vilikuwa vimejaa mlangoni. Sahro alivua vyake, akaviweka pembeni.

Alipoinua pazia, wanawake watatu walikuwa wanatoka, na nyuma yao wa nne, mrefu, jilbabu nyeusi mpaka chini na uso umefunikwa. Sahro alitoa salamu. Watatu waliitikia, wakambusu mkono. Yule wa nne aliinamisha kichwa akapita upande wa jikoni.

Yurub, mke wa Dayib, alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa nyeupe tupu kuanzia kichwani, kama inavyovaliwa na mwanamke aliyefiwa na mume. Alikuwa na umri wa Sahro mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwelikweli. Aliinuka, wakakumbatiana, na Sahro akamshika hivyo kidogo zaidi ya kawaida.

Walikaa. Yurub akamimina chai.

"Pole, abaayo, dada yangu. Mungu akupe subira."

"Amin."

"Amrehemu Dayib."

Yurub alisogeza sukari. "Kunywa, itapoa."

Sahro alikunywa. Aliuliza mambo madogo: Dayib alitoka saa ngapi Ijumaa, alikula nini, alisema atarudi lini. Yurub alijibu vizuri, bila kukosea, kama mtoto aliyekariri. Sahro akamwachia mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nguo yako nyeupe ni mpya."

"Olow alininunulia pale dukani, Wajir Stoo, siku ile ile."

"Naona. Bado ina mikunjo ya dukani." Akanyoosha kidole bila kuigusa. "Ina harufu ya unsi, ule ubani wa kufukiza."

Yurub alirudisha kifuniko kwenye bakuli la sukari.

"Mwanamke wa eda hafukizi. Hajipaki marashi, hachomi udi, hata sabuni ya kunukia anaiacha. Wewe unajua hilo kuliko mimi, nimeambiwa unasomesha wasichana Kurani."

"Sanduku langu lina unsi. Nguo zote zinanukia."

"Nguo hii haijaingia kwenye sanduku. Mikunjo ingekuwa mingine." Sahro alishusha sauti. "Chetezo kile pembeni bado kina makaa ya moto. Kila mwanamke wa kwetu anajua unsi unafukizwa kwa ajili ya nani, mume akirudi nyumbani. Umezoea mpaka mkono umejiendea wenyewe. Nimekuombea rehema ya marehemu, ukaitikia kwa sukari. Na yule mama mrefu aliyepita jikoni hakunijibu salamu, kwa sababu angenijibu ningesikia sauti yake."

Upande wa jikoni kitu kiligonga sufuria, kikatulia.

Yurub alikuwa ameshika pindo la nguo yake kwa mikono miwili. Alipozungumza hakulia.

"Wapima walipanda vigingi kwenye barabara ya zamani. Yeye ndiye aliyewaonyesha. Baada ya wiki akamwona mkubwa wao na Ahmednoor, wana pikapu, wanaving'oa, wanavipeleka visimani. Wakamwona na yeye. Ahmednoor alikuja hapa, akakaa pale ulipokaa, akasema kwa upole sana, Dayib, barabara ya Wajir ina ajali nyingi. Siku ya pili lori likamkosa mume wangu kwa hivi tu." Akaonyesha kiganja. "Nani angemlinda? Mkuu wenu wa kituo anakunywa chai kwa Ahmednoor kila jioni. Tukaona, mtu aliyekufa haviziwi. Tukasema akae amekufa mpaka baraza. Alhamisi atasimama mbele ya wakubwa wote, wa nchi zote, na watu wote wa El Gaab, aseme. Siku hiyo hakuna wa kumgusa. Na kaburi tukaliweka pale ili mtu asimwage hata zege kabla ya siku hiyo."

"Na Abdinur?"

"Hatukujua watamshika mtu."

"Mnatangaza mtu kauawa, mlidhani polisi watamshika nani? Fisi?"

Yurub alifumba macho.

"Kesho anasomewa kuua," Sahro akasema. "Jamaa zenu wa Wajir wako njiani tangu jana, na hawaji kuhani. Abdinur yuko seli, hawatamfikia. Watawafikia kaka zake, wako visimani na ngamia, hawana hata habari."

"Olow amewapigia simu wapunguze hasira."

"Amewaambia Dayib yu hai?"

"Hapana. Ukimwambia mmoja, Ahmednoor anajua kabla ya magharibi." Yurub alisogea mbele kwenye mkeka, magoti yakagusa magoti ya Sahro. "Abaayo, sikiliza. Abdinur ataumia, najua. Lakini atatoka. Siku nne tu, halafu mume wangu mwenyewe atakwenda Garissa amtoe kwa mkono wake. Ukisema leo kwamba kaburi ni tupu, kesho halitakuwa tupu. Nakuomba kwa Mungu aliyekuumba. Mwache afe mpaka Alhamisi."

Simu ya Sahro ililia kabla Yurub hajamaliza. Alikuwa mkuu wa kituo cha El Gaab. Sahro aliipokea.

"Sajini, umekawia. Hati ya Abdinur naituma leo hii, na Garissa wanataka neno lako. Nimeambiwa ulikuwa kaburini." Nyuma ya sauti yake kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, na mtu mwingine alikohoa, kikohozi cha mtu aliyekaa kwa starehe. "Niambie jambo moja tu, nifunge bahasha. Kuna mtu mle ndani, au hakuna?"

Yurub alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya goti la Sahro. Kule jikoni, yule mtu mrefu alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa linaingia na kutoka kwa pumzi yake.

"Sajini?" simu ikasema. "Sajini Sahro, upo?"